SOMO LETU: KUIULIZA KOMPYUTA HALI YAKE



Siku hizi saa za kazi, kilo za majani ya chai na michango ya chama huandikwa katika kompyuta. Mwisho wa mwezi mara tunaambiwa, «Mashine imekufa, mishahara ingojee.» Mara tunaambiwa, «Mashine ni nzima, taa inawaka.» Maneno hayo hayatoshi. Sisi wajumbe wa wafanyakazi tujifunze kuiuliza mashine yenyewe.

Somo hili linahusu kompyuta za Linux zenye systemd, programu iliyoanza mwaka 2010. Hiyo huamsha na kusimamia huduma za mashine, kama kapita anavyopanga vibarua asubuhi. Fungueni dirisha la amri, muandike:

systemctl is-system-running

Jibu ni neno moja:

running – mashine imeamka, hakuna huduma iliyoanguka.
starting – bado inaamka. Ngojeni, muulize tena.
degraded – inakwenda, lakini huduma moja au zaidi imeanguka.
maintenance – imo katika hali ya matengenezo, aitwe fundi.
stopping – inazimwa.

Hapa Bujumbura, umeme ukikatika ghafla na kurudi, tuangalie sana neno degraded. Taa inawaka, lakini huduma inayotunza hesabu yaweza kuwa imelala. Basi andikeni:

systemctl --failed

Itatoka orodha ya huduma zilizoanguka. Mkiona, kwa mfano, mariadb, ambayo ni ghala la hesabu, andikeni:

systemctl status mariadb

Mtaona imeanguka saa ngapi, na mara nyingi sababu yake. Amri hizi tatu hutazama tu, hazibadili kitu. Kwa hiyo mjumbe anaweza kumwomba karani aziandike mbele ya wote, na jibu linakiliwa pamoja na tarehe na saa. Kuamsha huduma ni kazi ya fundi.

Lakini tusidanganyike. Neno running halisemi kwamba hesabu ni sahihi. Kapita kuwapo shambani si ushahidi kwamba kilo zako zimeandikwa sawasawa. Tutunze vikaratasi vyetu vya mizani.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini taa inayowaka si jibu la kutosha?
2. Jibu likiwa degraded, amri gani inafuata?
3. Jibu likiwa running na mshahara umepungua, tutaonyesha ushahidi gani?