Jumatano: Aliombewa Kabla Hajaanguka

Soma Luka 22:31-34. Yesu alimwonya Petro juu ya nini, na Petro alijibuje?

Maneno haya yalisemwa mezani, usiku uleule Bwana alipowaosha wanafunzi miguu. Petro hakuwa mtu aliyepoa katika imani. Alikuwa ametoka kushiriki Meza ya Bwana, naye alijiona yuko tayari kwenda gerezani, hata kufa. Upanga alikuwa nao, na bustanini aliutumia (Yohana 18:10). Lakini mjaribu hakumjia kwa upanga. Alimjia usiku wa baridi, kando ya moto, kwa kinywa cha mjakazi (Luka 22:55-57).

Rudi kwenye fungu la 31. Yesu anasema na Petro, akimwita mara mbili kwa jina lake la zamani, lakini anataja “ninyi”: Shetani amewataka wote. Katika fungu la 32 anasema “wewe”. Kiswahili kinaitunza tofauti hii kama ilivyo katika Kiyunani, na msomaji asiipite haraka. Jaribu lilikuwa la kundi zima. Katika kundi hilo, mmoja anaambiwa kwamba ameombewa yeye mwenyewe.

Aliombewa nini? Anayepepeta kwa ungo hurusha nafaka juu, makapi yakapeperuka, punje zikarudi. Yesu hakuomba Petro asitiwe kwenye ungo. Jambo hili ni gumu kulipokea, hasa kwa ndugu aliyebatizwa, akaomba miaka mingi aondolewe kiu ya pombe, na kiu hiyo bado inamjia kila apitapo karibu na kilabu siku ya mshahara. Huenda amekwisha kujiuliza kama maombi yake yanasikiwa. Bwana aliomba kwamba imani ya Petro isitindike. Neno hilo si la kila siku, lakini Biblia ya Kiswahili inalitumia pia katika arusi ya Kana, divai ilipowaishia wenyeji (Yohana 2:3). Kutindika ni kuishiwa. Petro aliishiwa ujasiri, akaishiwa hata ukweli kinywani. Imani haikumwishia kabisa; ilibaki ya kutosha kumtoa nje akilia, na baadaye kumrudisha.

Tena Yesu alitaja kurudi kwake kabla hajaenda popote. Kazi ya kuwaimarisha ndugu alikabidhiwa akiwa bado hajamkana Bwana wake.

Soma Mathayo 27:3-5. Yuda naye alijuta. Je, majuto yake aliyapeleka kwa nani?

Aliyapeleka kwa wakuu wa makuhani, nao wakamwachia mzigo wake. Petro alionekana tena miongoni mwa wanafunzi. Siku ya kwanza ya juma Mariamu Magdalene alimkuta pamoja na mwenzake (Yohana 20:2). Kwa mshiriki aliyeanguka Jumatatu, swali la Sabato inayofuata ni hilohilo: aende kanisani, au akae nyumbani hadi ajisikie kuwa safi? Wengi hukaa nyumbani, na Sabato moja huzaa ya pili. Wakati mwingine si kosa lao peke yao. Darasa linalomnong’ona asiyeonekana kabla ya kumtembelea limemsaidia yule mwenye kupepeta.

Waebrania 4:15, 16 humwalika mtu kukikaribia kiti cha neema wakati anapohitaji msaada, yaani akiwa katikati ya jaribu, kiu ikiwa bado kali. Aliye pale alijaribiwa mwenyewe. Wala hakuacha kuombea watu usiku ule. Waebrania 7:25 inasema yu hai ili awaombee.

Soma Yohana 18:18 na 21:9. Ni kitu gani kinachoonekana mahali pote pawili?

Petro alimkana Bwana mahali palipokuwa na moto wa makaa. Ufuoni mwa bahari alikuta moto wa makaa mwingine, samaki juu yake, na mkate. Alilishwa kwanza, ndipo akaulizwa mara tatu juu ya upendo wake.

Ni nani katika darasa lenu ambaye hajaonekana Sabato kadhaa? Nani atakwenda kwake juma hili, na atakapofika ataanza na neno gani?