Mimba Ikiharibika Mapema: Maswali Yanayoulizwa Sana

Kati ya kila mimba 100 zinazothibitishwa, 10 hadi 20 huharibika zenyewe, nyingi kabla ya wiki ya 12. Hata hivyo wanawake wengi hulipitia jambo hili kimyakimya: mtu anajifungia chumbani, anabadilisha pedi na kungoja damu ikome. Ukimya huo ni hatari, kwa kuwa aliyeharibikiwa na mimba anahitaji huduma sawa na mjamzito.

Je, kosa ni langu?

Hapana. Karibu nusu ya mimba zinazoharibika katika miezi mitatu ya kwanza hutokana na kasoro za kromosomu, ambazo nyingi hutokea tangu yai na mbegu zinapokutana. Kufua, kupika, kushiriki tendo la ndoa au kugombana na mtu si mambo yanayoharibu mimba changa iliyo salama. Yapo maradhi yanayoongeza uwezekano, kama malaria, kaswende na kisukari kisichodhibitiwa. Hayo hupimwa na kutibiwa, ndiyo maana tunahimizwa kuanza kliniki mapema.

Nimeona damu. Nifanye nini?

Matone ya damu hayamaanishi lazima kwamba mimba imetoka. Wengi huyaona na bado wakajifungua salama. Nenda zahanati au kituo cha afya ukapimwe. Lakini wahi hospitali saa hiyohiyo, hata usiku, ukiona dalili mojawapo kati ya hizi:

- damu inayolowanisha pedi mbili au zaidi kwa saa, kwa saa mbili mfululizo;
- maumivu makali ya tumbo, hasa ya upande mmoja, au maumivu ya bega;
- kizunguzungu kikali au kuzimia;
- homa, kutetemeka, au uchafu wenye harufu mbaya ukeni.

Maumivu ya upande mmoja yanaweza kuwa ishara ya mimba iliyotunga nje ya kizazi. Mrija ukipasuka, damu humwagikia tumboni, na mama anaweza kufa huku nje ikionekana damu kidogo tu.

Ni lazima nisafishwe kizazi?

Si kila mara. Zipo njia tatu: kusubiri mwili umalize wenyewe chini ya uangalizi, kutumia dawa ya misoprosto, au kusafishwa kwa pampu ya mkono. Mtabibu huangalia umri wa mimba, wingi wa damu na matokeo ya ultrasaundi, kisha mnaamua pamoja. Penye homa au damu nyingi, kusubiri hakufai. Usinunue dawa kwa kubahatisha, wala usiweke mitishamba ukeni.

Wapo wanaobaki nyumbani wakiogopa kushukiwa kwamba wameitoa mimba wenyewe. Tanzania na Kenya zinaruhusu kisheria huduma baada ya mimba kuharibika, kwa chanzo chochote kile. Mweleze mhudumu ukweli wote ili akutibu ipasavyo. Kama unajua kundi lako la damu ni hasi, litaje pia, kwani huenda ukahitaji sindano ya kulinda mimba zijazo, hasa ikiwa mimba ilikuwa imepita wiki 12.

Nini hutokea baadaye?

Kwa kawaida damu hupungua ndani ya wiki mbili, na hedhi hurudi baada ya wiki 4 hadi 6. Acha tendo la ndoa mpaka damu ikome. Kipimo cha mkojo kinaweza kuendelea kuonyesha mimba kwa wiki kadhaa. Kikibaki hivyo baada ya wiki 4, au damu ikiendelea kutoka, rudi kituoni: huenda kuna mabaki kizazini, au ilikuwa mimba zabibu, ambayo inahitaji kufuatiliwa kwa karibu.

Naweza kubeba mimba nyingine lini?

Yai linaweza kupevuka ndani ya wiki mbili, kwa hiyo unaweza kushika mimba kabla hujaona hedhi. Usiyetaka kubeba sasa, omba njia ya uzazi wa mpango siku hiyohiyo ya matibabu. Mwaka 2005 wataalamu walioitwa na Shirika la Afya Duniani walishauri kusubiri angalau miezi 6. Tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa mwanamke mwenye afya nzuri na aliye tayari moyoni si lazima angoje muda huo wote. Anza mikrogramu 400 za foliki asidi kila siku kabla ya kushika mimba, na ukishika, fika kliniki kabla ya wiki ya 12. Mimba zikitoka mara mbili au tatu mfululizo, omba uchunguzi, wewe na mwenzi wako.

Mbona bado nalia?

Kwa sababu umefiwa na tumaini, hata kama mimba ilikuwa ya wiki sita. Baba naye huumia. Usingizi ukikukimbia au huzuni ikizidi kwa wiki kadhaa, zungumza na mhudumu wa afya.

Waume, mama wakwe, mashoga na majirani: msiulize alifanya nini hadi mimba ikatoka. Mpelekeni kituoni, mpikieni, mbebeeni kazi za nyumbani, na mumpe pole kama anayopewa mfiwa yeyote.