VAR na Maamuzi Yenye Utata: Maswali na Majibu ya Kujiandalia Mtihani

1. VAR (usaidizi wa video kwa mwamuzi) inaruhusiwa kuingilia mambo gani?
Protokali iliyoingizwa katika Sheria za Soka mwaka 2018 ilitaja manne: goli, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na mwamuzi kumwadhibu mchezaji asiyehusika. Kona haikuwemo, wala kadi ya pili ya njano. Ukiandika "kila kosa" umepoteza alama.

2. Nani mwenye uamuzi wa mwisho?
Mwamuzi wa kati.

3. "Kosa la wazi na dhahiri" ni lipi?
Mwamuzi lazima aamue kwanza. Mwamuzi wa chumba cha video haulizwi yeye angepuliza nini. Anaulizwa kama uamuzi uliokwisha kutolewa hauteteeki kabisa. Ndiyo maana matukio mawili ya mpira kugusa mkono, yanayofanana kama pacha, moja linabaki penalti na jingine linaachwa. Shabiki ataita upendeleo, lakini kisheria yote mawili yanasimama.

4. Tarehe 5 Aprili 2024, uwanja wa Loftus Versfeld, Pretoria, marudiano ya robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Sundowns dhidi ya Yanga: shuti la Stephane Aziz Ki wa Yanga liligonga mtambaa panya, likadunda chini na kurudi uwanjani. Mwamuzi Dahane Beida wa Mauritania hakutoa goli, na VAR haikubadili kitu. Jadili.
Anza na Sheria ya 10: mpira wote uvuke mstari wote. Kisha fanya hesabu, maana hapa ndipo wengi huishia kuandika "tuliibiwa" wakaweka kalamu chini. Mzingo wa mpira ni sm 68 hadi 70, hivyo kipenyo chake ni kama sm 22. Mpira unaweza kudunda kwenye nyasi karibu sm 10 nyuma ya mstari, macho yote yakauona umeingia, na bado ubavu wake ukawa juu ya chokaa. Kamera ambayo haikukaa sambamba na mstari hudanganya pande zote mbili.

Tatizo hili lina teknolojia yake ya mstari wa goli, iliyoidhinishwa mwaka 2012, miaka miwili baada ya shuti la Frank Lampard dhidi ya Ujerumani kunyimwa goli kule Bloemfontein. VAR si teknolojia hiyo. Inaona kile tu kamera zilizopo zinachoona. Mechi iliisha 0-0, kama ile ya kwanza ya Dar es Salaam, na Sundowns wakapita kwa penalti 3-2. Hasira za mashabiki wa Yanga zilimwangukia mwamuzi. Kwa maoni yangu, anayestahili kuhojiwa zaidi ni anayepanga vifaa vya mashindano.

5. Mitambo ya VAR ikigoma, mechi inabatilika?
Hapana. Mfano ni fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Esperance dhidi ya Wydad, Radès, 31 Mei 2019. Goli la Wydad la kusawazisha lilikataliwa kwa kuotea, VAR haikuwa ikifanya kazi, Wydad wakakataa kuendelea. Shirikisho la Soka Afrika (CAF) likaagiza mechi irudiwe. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikasema kamati ya utendaji ya CAF haikuwa na mamlaka hayo. Mwishowe kombe likabaki kwa Esperance.

6. Mchezo ukishaanza tena, uamuzi unarudishwa nyuma?
La, isipokuwa kwa mambo machache kama kupiga ngumi au kutema mate. Tarehe 30 Septemba 2023, Luis Díaz wa Liverpool aliifunga Tottenham, kibendera cha kuotea kikapandishwa kimakosa. Darren England, aliyekuwa kwenye VAR, alidhani goli limekubaliwa uwanjani, akasema ukaguzi umekwisha. Adhabu ya kuotea ikapigwa. Sekunde chache baadaye chumbani wakagundua kosa, na sauti zilizorekodiwa zinamwonyesha akikataa kusimamisha mchezo. Alikosea mwanzo; hapo mwisho alikuwa ndani ya sheria. Liverpool wakafungwa 2-1, Joel Matip akijifunga dakika za nyongeza. Kocha Jürgen Klopp alisema mechi ingepaswa kurudiwa. Kwa kanuni ileile ya swali la 5, hakuwa na pa kushika: uamuzi mbovu wa VAR haufuti mechi.