SOMO LA MBELE YA LIKIZO: SAFARI YA ZIWA NA MTUNGI ULIOTOBOKA



Likizo imekaribia. Wengi wetu tutashuka Kasenyi na Tchomia kuona jamaa, kula samaki mubichi, na kusaidia wazazi katika biashara. Kama prefe, kazi yangu ni kuandika majina ya wale wanaoondoka. Lakini jina kwenye karatasi halilindi mtu. Kwa hiyo nimeandika somo hili. Lina sehemu nne, na ya tatu ndiyo kubwa.

1. NJIA

Kwanza, uliza habari ya barabara siku ile ile ya kuondoka, si juzi. Wakubwa wakisema njia si nzuri leo, tunabaki. Kuchelewa si dhambi. Usipande juu ya mizigo ya gari, na kwenye piki-piki usikubali kuwa mtu wa tatu.

Ukipita Bogoro na kuanza kushuka, utasikia joto inapanda. Sababu yake tumeisoma katika jiografia. Bunia iko karibu mita 1,250 juu ya bahari, ziwa liko karibu mita 620. Kwa kila mita 1,000 tunazoshuka, hewa inaongeza joto ya digrii 6 hivi. Basi kule chini kuna digrii 4 zaidi ya hapa, na jua haina huruma. Mwili unatoka jasho, kiu inakuja. Kumbuka hiyo kiu, tutairudilia.

2. ZIWA

Ziwa letu liliitwa Albert na Mwingereza Samuel Baker mwaka 1864. Lakini lilikuwa na jina mbele yake. Watu wa Bunyoro, ng'ambo ya Uganda, waliliita Mwitanzige, maana yake muuaji wa nzige, kwa sababu makundi ya nzige yaliyojaribu kulivuka yalianguka na kufa majini. Kama lilishinda wenye mabawa, wewe usiye na mabawa ulipande kwa heshima.

Mchana nchi kavu inapata joto upesi kuliko maji. Hewa yake inapanda, na upepo unatoka ziwani kuja kujaza nafasi. Usiku inakuwa kinyume. Wavuvi wanajua saa hizo bila kitabu, kama vile mabaharia Waswahili wa pwani walivyojua kaskazi na kusi, wakaenda Arabuni na kurudi kwa tanga tu. Basi muvuvi mzee akisema, "Leo hapana, mawingu iko mubaya," usibishane naye. Na ukipanda bwato, vaa gile ya kuelea. Kuikalia kama mto haisaidii kitu.

Tena, usiogelee penye majani ya ufuko. Konokono wadogo wa pale wanatoa mdudu wa bilharzia, naye anaingia kwa ngozi bila kupiga hodi.

3. MAJI

Sasa nieleze jambo lililonipata. Miaka minne iliyopita nilishuka ziwani pamoja na mdogo wangu. Mama alichemsha maji, akaniwekea bidoni ya lita tano. "Hii ni ya ninyi wawili," akasema. Nikaona ni nzito, nikaiacha nyuma ya mlango. Kule ufukoni mdogo wangu akasema, "Yaya, niko na kiu." Nikachota maji ya ziwa katika kikombe, nikamupa. Yalionekana safi kabisa.

Tulirudi Bunia wazima. Siku ya pili usiku akaanza kuhara. Haikuwa kuhara ya kawaida, ilikuwa maji meupe kama yale tunayooshea muchele. Kufika asubuhi macho yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imekunjika. Tate yetu, anayetupenda kuliko wote, akakataza: "Musimupe maji tena, inatoka yote. Munajaza mtungi uliotoboka!"

Jirani yetu, mama anayefanya kazi ya uuguzi, akaingia. Akamujibu tate kwa heshima: "Mama, mtungi umetoboka kweli. Ndiyo sababu tujaze upesi kuliko unavyovuja. Muniletee sukari na chumvi." Akamunywesha kijiko kwa kijiko, na njiani kwenda kituo cha afya hakuacha. Kule wakamutia serumu. Mdogo wangu aliishi. Leo anasoma, na ananipita katika hesabu. Lakini mimi sijasahau ile bidoni nyuma ya mlango.

Ugonjwa huo ni kipindupindu, ndiyo kolera. Mwaka 1854 ulipoua watu London, wengi walisema unatoka kwa harufu mbaya. Daktari John Snow akachunguza nyumba za waliokufa, akaona zinazunguka pampu moja ya maji katika Broad Street. Mkono wa pampu ukaondolewa. Mwaka 1884 Mjerumani Robert Koch, akiwa India, akamtambua kwa darubini mdudu mwenyewe, aliyepindika kama mkato wa kuandikia. Hapa kwetu, Julai 1994, ugonjwa huo uliua maelfu ya wakimbizi kule Goma.

Kolera haili nyama ya mwili. Inafanya tumbo litapike maji na chumvi nje, na mtu anaweza kufa kwa saa chache kwa kukauka tu. Lakini wataalamu waligundua kwamba katika utumbo sukari na chumvi zinaingia pamoja kwa mlango mmoja, na zinapoingia zinavuta maji. Mlango huo kolera haiufungi. Mwaka 1971, vita ya Bangladesh ilipoleta wakimbizi wengi India, serumu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akawagawia wagonjwa kinywaji cha sukari na chumvi, na ndugu zao wakawanywesha. Vifo vikashuka kutoka karibu 30 kwa mia mpaka chini ya 4 kwa mia.

4. KINYWAJI CHENYEWE

Kama paketi ya SRO ipo, tumia hiyo, kwa lita moja. Kama haipo:
– maji safi lita 1 (soma kwenye chupa, usikisie);
– sukari vijiko vidogo 6, bila kilima juu;
– chumvi nusu ya kijiko kidogo, si zaidi.
Onja. Isipite chumvi ya machozi. Ikipita, mwaga, anza upya, kwa maana chumvi nyingi inaweza kuumiza mgonjwa. Mpe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, endelea. Na mupeleke kituo cha afya mara moja. Kinywaji ni cha kumufikisha pale, si cha kubaki naye nyumbani.

Ili usifike huko: chemsha maji mpaka yabubujike dakika nzima, yafunike, nawa mikono kwa sabuni, kula samaki akiwa moto.

Neno la mwisho. Kolera inaweza kujificha mpaka siku tano. Mtu anaweza kutoka ziwani mzima, akaangukia hapa internati. Mvulana au binti, ukihara usiku usifiche kwa haya. Wavulana, gongeni mlango wangu, hata saa nane ya usiku. Mabinti, mwamusheni mama mlezi. Hakuna atakayecheka, na atakayecheka ataonana na mimi.

Bidoni ni nzito. Ibebe.

MASWALI YA KUJIPIMA
1. Kwa nini Kasenyi kuna joto kuliko Bunia?
2. Tate alikosea wapi, na jirani alimujibu nini?
3. Taja vipimo vya kinywaji bila kuangalia karatasi.

Likizo njema. Mungu awarudishe wote, hesabu kamili.

Prefe wenu, finalisti