Ticha, Hebu Nifungie Hii Simu

Sisi tunaosoma ualimu, likizo tukirudi nyumbani tunageuzwa mafundi simu. "Ticha, hebu nifungie hii simu, huyu mtoto atalala nayo." Mzazi anauliza kana kwamba kuna kitufe kimoja tu cha kubonyeza. Kitufe kipo, ila tujue kinafanya nini.

Tuchukue Family Link ya Google, iliyotoka mwaka 2017. Ni ya bure, na simu nyingi mtaani ni za Android. Mzazi anaiweka kwenye simu yake, anamfungulia mtoto akaunti yenye tarehe halisi ya kuzaliwa, kisha anaziunganisha. (Ukimwandikia mtoto wa miaka 9 kwamba ana miaka 20 ili mambo yaende haraka, mfumo utamhesabu mtu mzima.) Baada ya hapo mzazi anapanga dakika za kila siku na saa ya simu kufungwa usiku, na programu mpya zinasubiri ruhusa yake. Muda ukiisha simu inajifunga, ingawa mtoto bado anaweza kupokea simu akipigiwa. Kwa upande wa tovuti, unaweza kuiambia ijaribu kuzuia za ngono, au ifungue zile tu ulizoziidhinisha. Hiyo "ijaribu" muizingatie, maana chujio huvuja.

Kasoro kubwa ni kwamba programu hii imetengenezwa kwa nyumba ambayo mtoto ana simu yake. Kwetu wengi simu ni ya mama. Mama yuko jikoni, dogo kashaichukua, na patani anaijua kuliko mwenye simu. Ukiigeuza simu hiyo kuwa ya mtoto, unamfungia mama na M-Pesa yake. Hapa mimi nashauri njia ya kienyeji zaidi: pakua katuni mapema, zima data, kisha ibandike programu ya video kwenye skrini. Uwezo huo wa kubandika upo tangu Android 5.0 ya mwaka 2014, na unakuta kwenye mipangilio ya usalama. Ukiuwekea sharti la patani, mtoto hatoki kwenye video kwenda kwenye meseji zako. Bila shaka patani yenyewe ibadilishwe kwanza. Faida nyingine ni kwamba katuni ulizopakua zina mwisho, na bando linabaki.

Kwenye kompyuta ya nyumbani, mpe mtoto akaunti yake isiyo na mamlaka ya msimamizi. Akiwa na mamlaka hayo, atafuta kila ulichoweka.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Mzazi anayemtuliza mtoto wa miezi minane kwa simu hahitaji programu, anahitaji wa kumpokea mtoto.

Kwa wakubwa hali ni tofauti. Kuna wazazi wanaotaka programu ya kusoma meseji za binti wa miaka 15 kwa siri. Ni kweli Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kuwa mtoto hadi afikishe miaka 18, lakini ibara ya 16 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 nayo inampa faragha. Mimi nisingemwekea mzazi programu hiyo, na sababu yangu kubwa wala si sheria. Siku mtu mzima akimtumia binti picha chafu na kumdai za kwake, hakuna programu itakayoona kila kitu. Binti ndiye ataamua amwonyeshe mama au afute. Kama anajua kwamba akisema ananyang'anywa simu na kuchapwa, atafuta. Kwa hiyo kabla sijagusa mipangilio, namwomba mzazi amwambie mwanawe, mimi nikisikia: "Ukiniletea jambo kama hilo, simu yako sitaichukua." Akikubali kuitamka, ndipo tunakaa watatu tupange saa ya kufunga.