Mwanasesere na Rangi ya Binti

Katika darasa yetu ya kina mama, mmoja wao aliuliza: Je, yajuzu kumnunulia binti mwanasesere? Siku ile tulimjibu kwa ufupi. Leo twapenda kulieleza jambo hili zaidi, kwani ndani ya swali hilo mna swali jingine lililo zito kuliko lenyewe.

Ama mchezo, hauna taabu kubwa. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akicheza na wanasesere nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), na wenzake walipojificha kwa kumwonea haya, yeye Mtume aliwarudisha wakacheze naye. Kwa hadithi hiyo wanavyuoni wengi waliwaruhusu watoto wa kike, ingawa wako waliokataa.

Tatizo ni sura ya mwanasesere mwenyewe. Tulipokwenda ziara kwa ndugu zetu wa Mayoni, mji mdogo wa soko ulio njia ya kutoka Mumias kwenda Bungoma, tuliwakuta mabinti watatu wakicheza harusi uani kwa mwenyeji wetu. Walikuwa na wanasesere wawili. Mmoja alishonwa na nyanya yao kwa kitambaa cha kahawia, rangi yao wenyewe. Wa pili alikuwa wa plastiki, mweupe, nywele za dhahabu, mtumba, na mguu mmoja hana. Tukauliza bibi harusi ni yupi. Wakatuonyesha yule wa mguu mmoja. Na huyu wa kitambaa? "Huyu ni mfanyakazi, anapika pilau." Tulicheka, kisha kicheko kikatukatika.

Jambo hili si la Mayoni peke yake. Katika miaka ya 1940 huko Marekani, Kenneth Clark na mkewe Mamie waliwaonyesha watoto weusi 253, wa miaka 3 hadi 7, wanasesere waliofanana kwa kila kitu ila rangi. Wengi walimchagua mweupe kuwa ndiye mzuri. Walipoulizwa ni yupi afananaye nao, wako waliolia. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya nchi ile iliitaja kazi hiyo ilipohukumu kwamba kuwatenga watoto mashuleni kwa rangi ni kinyume cha sheria. Miaka mitano baadaye akatoka Barbie, mweupe na kiuno chembamba mno. Mweusi wa kuitwa kwa jina hilo hilo hakutolewa mpaka 1980. Waarabu nao wakamtoa Fulla mwaka 2003, wakamvisha buibui na mtandio. Nguo zilibadilika, weupe na wembamba vikabaki.

Lakini tusimtupie mfanyabiashara lawama zote, kwani sisi watu wa pwani twaifanya kazi yake bila ya malipo. Mtoto azaliwapo, kabla ya kumwuliza mama hali yake, twatazama masikio ya mtoto tujue atakuwa mweupe au mweusi. Nywele za singa twaziita nzuri, za kipilipili twaziita mbaya. Ikija posa, twasema: "Binti ana tabia njema, lakini mweusi." Hiyo "lakini" maana yake nini? Surat Rum, aya ya 22, yahesabu kukhitalifiana kwa rangi zetu kuwa ni katika ishara za Mwenyezi Mungu. Nasi twaiombea radhi ishara Yake mbele ya wakwe!

Binti huyasikia yote hayo akiwa na mwanasesere wake mkononi. Akikua hununua mkorogo. Katika madawa hayo wako wanaotia zebaki, ambayo huharibu ngozi na figo, na mwenye mimba humdhuru hata aliye tumboni.

Mama aliyetuuliza amekwisha kuanza kushona: kitambaa cha kahawia, nyuzi nyeusi za kusuka kichwani, na kanga iliyochakaa. Wa kwanza amempa mjukuu wake, na ameamrisha kwamba huyu ndiye bibi harusi. Mjukuu, tunaambiwa, bado anafikiri.