«Mara nyingi» na «mara kwa mara»

SWALI: Mwalimu, mwanangu wa darasa la sita aliandika: «Babu hututembelea mara nyingi, kila Idi.» Akakatwa alama. Kosa liko wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, sarufi ya mtoto ni safi. Tatizo ni hesabu: Idi ni mbili tu kwa mwaka, na «mara nyingi» hudai wingi. Angeandika «Babu hututembelea kila Idi», ingetosha. «Mara kwa mara» hutaja jambo linalotokea, likakoma, kisha likatokea tena: «Umeme hukatika mara kwa mara.» «Mara nyingi» ina kazi nyingine pia, ya kueleza lililo kawaida: «Mara nyingi mvua za vuli huanza Oktoba.»

Ninayoihofia zaidi ni «mara moja». «Meza kidonge mara moja» ni kumeza sasa hivi, au ni kumeza mara hiyo tu, basi? Ongeza neno: «mara moja tu», «mara moja kwa siku». Vivyo hivyo «kutwa mara tatu» ya kwenye bahasha za dawa. Kutwa ni mchana, tangu asubuhi hadi jua kuzama, na nimewaona wazee wakimaliza dozi zote kabla ya magharibi. Ikiwa dawa inatakiwa kugawanywa sawasawa usiku na mchana, iandikwe wazi: «kila baada ya saa 8».

Na mwambie mwanao asichanganye «mara mbili», ambayo ni idadi, na «mara ya pili», ambayo ni mpangilio.